Shule ya binafsi ipo mtaani kwetu miaka 14, inatoa ufadhili kila mwaka, na hakuna mtoto wa mtaa aliyewahi kuupata. Tatizo liko wapi?

#1 Mkazi wa Kona

Wakuu habari za jioni.

Nakaa pembezoni mwa Dar, upande wa Mbezi, mita kama mia mbili kutoka kwenye ukuta wa shule binafsi. Jina silitaji, na anayeijua namwomba asilitaje, maana sitaki kumchafua mtu. Nilihamia hapa kabla ukuta haujasimama. Palikuwa na shamba la mihogo na njia ya miguu iliyokatiza hadi kituo cha daladala.

Kila mwaka shule inabandika tangazo getini: nafasi za ufadhili kidato cha kwanza, ada yote au nusu. Kila Januari naona watoto wanashushwa na masanduku ya chuma, ukiwauliza wanatoka Kagera, Mara, Tabora. Watoto hao hawana kosa lolote na nawaombea wafaulu. Lakini kwa miaka 14 sijasikia mtoto wa mtaa huu aliyeingia pale kwa ufadhili. Wanaoingia ni mama zao wanaofua, baba zao wanaolinda usiku, na kaka zao wa bodaboda wanaowakimbiza wanafunzi walioachwa na basi.

Mwaka huu jirani yangu mmoja alijaribu. Ni mjane, anauza vitumbua nje ya geti hilohilo. Binti yake kapata wastani wa A darasa la saba. Alipopeleka matokeo akaambiwa nafasi zimejaa, na tangazo lilikuwa bado limebandikwa hapo juu ya kichwa chake.

Nataka kuelewa. Ni ubaguzi, ni utaratibu, au ni sisi majirani hatujui kuomba?

#2 Chalii wa Njiro

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, miaka 14 yote umewahi kuingia ofisini kwao kuuliza?

#3 Mkazi wa Kona

Nimeingia mara mbili. Mara ya kwanza chemba yao ilifurika mpaka maji yakaingia kwenye mchicha wa jirani. Mara ya pili ni walipoziba njia. Zote mbili niliishia kwa karani wa mapokezi, mkuu wa shule sijamtia machoni hadi leo. Kuhusu ufadhili sikuwahi kuuliza, hilo nakubali.

#4 Mhasibu Mstaafu

Mleta uzi, nimefanya uhasibu kwenye shule binafsi tatu kwa jumla ya miaka 19. Nitasema nilichokiona kwenye vitabu.

Neno ufadhili linachanganya watu. Mara nyingi hakuna fedha yoyote inayoingia. Bweni lina vitanda 80, waliolipa ni 71. Vitanda 9 vikilala wazi, mwalimu wa hesabu analipwa mshahara uleule na taa zinawaka vilevile. Basi shule inatafuta watoto 9 wenye alama za juu, inawasamehe ada, na gharama inayoongezeka inakuwa chakula chao. Miaka minne baadaye hao 9 wanatoka na Division One ya pointi 7 au 8 na jina la shule linapanda. Kwa mtoto huyo ni ufadhili wa kweli. Kwa mwenye shule ni mbolea, na mtu anayetafuta mbolea haulizi imetoka mtaa gani.

Halafu kuna fedha ya mfadhili halisi, nayo huja na masharti yake: awe yatima, awe msichana, atoke dayosisi fulani. Niliwahi kutunza faili la mfadhili aliyetaka watoto wa kata moja tu, ya kijijini kwao. Mkuu wa shule hata angetaka kumsaidia mtoto wa mpishi wake, asingeweza kugusa fedha ile.

Na msidhani hela zimejaa. Mwezi wa tano na wa kumi nilikuwa naogopa simu yangu. Wazazi wamelipa awamu ya kwanza wakanyamaza, marejesho ya benki yanadaiwa, muuza maharage anapiga, walimu wanauliza mshahara lini. Januari unaona foleni ya wazazi na risiti za benki unadhani shule ni tajiri. Rudi Oktoba uone.

#5 MamaTatu

Mhasibu, maelezo mazuri, ila hapo kwenye mbolea umeniumiza. Mtoto wangu mmoja alikuwa hiyo mbolea.

Alipewa nusu ada. Nilifurahi nikapiga simu ukoo mzima. Kisha ikaja karatasi ya vitu vya kwenda navyo: rimu mbili, ndoo mbili, godoro, fagio na reki, sare pea tatu ambazo lazima zishonwe na fundi wa shule, traksuti, hela ya tahadhari, hela ya kitambulisho, hela ya ziara. Nilijumlisha nyuma ya kalenda jikoni, ikaja 870,000 kabla hajakalia dawati. Nikakopa kikoba. Muhula wa pili ukaja mchango wa mahafali ya kidato cha nne, na mtoto wangu yuko kidato cha kwanza.

Nilimtoa mwezi wa tisa, akaenda shule ya kata. Kwa hiyo mleta uzi, usihesabu walioingia tu. Uliza na waliotoka kimyakimya.

#6 Mzawa78

Mnazunguka. Hii ni historia. Mwalimu Nyerere alizitaifisha shule hizi mwaka 1967 kwa Azimio la Arusha kwa sababu ya ubaguzi huuhuu. Biashara iliporuhusiwa tena, na ubaguzi ukarudi.

#7 Babu Kiwanja

Mzawa, tuwekane sawa mwanangu. Azimio la 1967 lilichukua mabenki, viwanda na mashamba makubwa. Elimu ya Kujitegemea nayo ilitoka 1967, lakini ile ni sera. Shule zenyewe zilichukuliwa kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Na nyingi hazikuwa za matajiri, zilikuwa za misheni. Pugu ilikuwa St. Francis ya Wakatoliki, Mwalimu mwenyewe alifundisha pale. Minaki ilikuwa St. Andrew's ya Waanglikana.

Tatizo la wakati ule lilikuwa mtoto kukosa nafasi kwa sababu ya dini yake au rangi yake. Lilikuwa tatizo kubwa na lilistahili kushughulikiwa. Lakini nitasema jambo moja la misheni niliyosoma mimi. Baba alilipa sehemu ya ada kwa kuni. Tulizipeleka Jumamosi kwa punda, zinapangwa nyuma ya jiko, bruda anapima kwa fimbo yake na kuandika kwenye daftari. Mwaka kuni zilipoadimika, padri alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akaona hali, akasema mtoto aendelee. Alijua njia ya kwetu kwa sababu alipita pale kila akienda kuzika. Leo mwenye shule anafika kwa gari lenye vioo vyeusi, geti linafunguka, linafungwa. Atamjuaje mama wa vitumbua?

#8 Mzawa78

Shikamoo mzee, marekebisho nimeyapokea. Mwaka nilikosea. Ila hoja ya ubaguzi siiondoi, mleta uzi kasema mwenyewe tangazo lilikuwa bado liko getini.

#9 Mwl wa Zamu

Hilo la tangazo nadhani naweza kulieleza, nafundisha shule ya aina hiyo mkoa mwingine.

Mtihani wa taifa wa darasa la saba unafanyika Septemba. Sisi usaili wa kidato cha kwanza tunaanza Agosti, wengine hata Julai. Matokeo ya taifa yanapotoka, orodha ya ufadhili imeshafungwa zamani, imetumia alama za usaili na matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio. Mama wa vitumbua alifanya kitu cha busara kabisa, alisubiri awe na ushahidi mkononi. Huku ndani ushahidi huo unakuja umechelewa. Tangazo linabaki kwa sababu hakuna aliyeagizwa kulibandua. Najua inauma, lakini sidhani kama kuna aliyekaa akapanga kumkomoa.

La pili ni lugha. Mtoto wa Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, amefundishwa kwa Kiswahili miaka saba. Usaili wetu ni wa Kiingereza, hesabu zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza. Nimesahihisha karatasi ya mtoto aliyekokotoa eneo la duara vizuri kabisa pembeni kwa penseli, halafu sehemu ya jibu akaiacha wazi kwa sababu hakuelewa swali linataka nini. Nilimpa alama za njia. Hazikumfikisha.

#10 Mkazi wa Kona

Mwalimu nashukuru, hilo la Agosti sikulijua kabisa. Lakini la lugha linanitatiza. Hao wa Kagera na Tabora wametoka shule gani? Nimeongea nao pale kwa mama wakinunua vitumbua, wengi ni Kayumba watupu. Wao Kiingereza walikitoa wapi?

#11 Mwl wa Zamu

Swali zuri. Mara nyingi hao hawakufanya usaili wenu. Kuna mwalimu wetu anayetoka huko, anakwenda likizo na fomu kwenye begi, anapita kwa walimu wakuu anaowafahamu, anauliza nani kaongoza moko. Au ni paroko. Mtoto anasailiwa hukohuko chini ya mwembe, kwa Kiswahili, na mtu aliyeshaamua kumsaidia. Kisha anakuja mapema kwa kozi ya maandalizi, miezi mitatu anasukumwa kwenye Kiingereza.

Mtaa unaoizunguka shule hauna mtu wa kubeba fomu. Kila mtu anadhani wapo karibu, wataona tangazo.

#12 Kijana wa Moshono

Habari wanajamvi. Mbona mnaongea kama haiwezekani? Mimi ni jirani wa shule ya St Jude hapa Arusha. Ilianzishwa mwaka 2002 na mama wa Kiaustralia, Gemma Sisia, ikaanza na watoto watatu tu. Leo ina wanafunzi zaidi ya elfu moja na hawalipi ada. Watoto wanatoka hukuhuku Arusha. Na si suala la alama peke yake, mtoto akifaulu usaili watu wa shule wanakwenda hadi nyumbani kuangalia kama familia kweli haina uwezo: vyumba vingapi, ukuta wa nini, mna umeme au hamna. Ukija na gari la kuazima utaumbuka.

Kingine ninachokipenda: wakimaliza kidato cha sita wengi wanatumikia jamii mwaka mzima, kuna waliopangiwa kufundisha hesabu na sayansi shule za serikali. Mdogo wangu hakupata nafasi St Jude, lakini kafundishwa fizikia na kijana aliyetoka St Jude. Jirani anafaidi hata asiyeingia.

#13 Chalii wa Njiro

Nilikuwa nahesabu mabandiko mangapi yatapita kabla mtu wa Moshono hajatokea. Kumi na moja! 😀 Lakini ndugu yangu, pale gharama inabebwa na wachangiaji, wengi wako Australia. Ni shule ya hisani tangu siku ya kwanza. Usiilinganishe na mtu aliyekopa benki kwa hati ya nyumba yake.

#14 Wa Thika

Hamjambo nyote. Nawasoma kutoka Kenya, na hili la jirani kukosa lipo huku pia, ila sababu yake ni nyingine.

Hapa Thika kuna M-Pesa Foundation Academy, ilifunguliwa 2016. Mwanafunzi hugharamiwa kila kitu. Lakini watoto huchaguliwa kutoka kaunti zote 47, ili nchi nzima ipate haki. Mama wa Thika akilalamika kwamba shule iko mlangoni na mtoto wake hakupata, nitamwambia mtoto wa Turkana naye ana mama. Kwa hivyo swali la mleta uzi lina upande wa pili: kwani umbali wa nyumba hadi kwa geti ni sifa ya kupata msaada?

Halafu kuna Starehe, Nairobi. Hiyo si shule ya mtu binafsi, ni kituo cha hisani na imekuwa ikihesabiwa pamoja na shule za kitaifa. Geoffrey Griffin aliianza 1959 na wenzake Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, wakiwachukua wavulana waliokuwa mitaani. Karo hulipwa kulingana na uwezo wa nyumbani, wengi hawalipi chochote. Wavulana wana mpango wa kujitolea, wanatumwa hospitalini na ofisi za umma kusaidia. Mjomba wangu alilazwa, aliyempelekea kadi yake dirishani alikuwa kijana wa Starehe. Jirani akihudumiwa hivyo hawezi kuichukia sare ile.

#15 Mkazi wa Kona

Wa Thika, swali lako limenikaa. Jibu langu ni hili: umbali si sifa. Lakini sisi ndio tunaoamshwa na kengele saa kumi na moja alfajiri, vumbi la mabasi ni letu, na chemba ikifurika inakuja kwetu. Anayebeba uzito wa jambo awe na neno ndani yake, hata kama ni nafasi moja kwa mwaka.

#16 Mjumbe Mtaa wa Pili

Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, mtaa mwingine kabisa, lakini shule na ukuta tunazo. Mleta uzi umegusia njia juu juu, naona hapo ndipo penye mzizi.

Kwetu familia iliuza ekari sita. Njia ya miguu ilipita katikati, watu wameitumia tangu enzi za mababu, ila haikuwa kwenye ramani. Mwenye shule akajenga ukuta kwa sababu za usalama wa watoto, na hapo ana haki, hakuna mzazi anayetaka watu wapite katikati ya bweni la wasichana. Lakini hakumwambia mtu. Watu waliamka asubuhi wakakuta mawe na saruji. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki kichwani alisimama pale ukutani kama dakika tano, akageuka. Tangu siku hiyo kuzunguka ni dakika ishirini na tano.

Basi mtaa ukajenga kinyongo. Shule ikileta barua ya mkutano watu hawaendi. Ikitangaza kazi ya usafi wanasema wakafanye wenyewe. Ikitangaza ufadhili wanasema ni maneno. Tumeshafungua shauri Baraza la Kata, tunasubiri hukumu.

#17 Wakili wa Uswahilini

Mjumbe, hapo kwenye hukumu mtasubiri sana. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu kwenye mashauri ya ardhi, linasuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana wanawapa hati ya kuonyesha hivyo, ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na siku 30 zikipita bila suluhu mnaweza kwenda hata bila hati hiyo. Na msiseme njia haikuwa kwenye ramani mkaishia hapo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya kupita kwenye ardhi ya mwingine. Tafuteni wazee walioitumia njia ile, waandike ushahidi wao wangali hai.

#18 Mjumbe Mtaa wa Pili

Ahsante sana Wakili, hili la siku 30 hatukuambiwa. Kesho naingia kata.

#19 Mwenye Shule Ndogo

Nimesoma kimya tangu bandiko #1. Mimi ni mmiliki, shule yangu iko mkoa wa Morogoro, wanafunzi 210, na ninaumia kusoma kwamba sisi wote ni watu wa vioo vyeusi. Mimi natembelea pikipiki.

Mwaka wa tatu tangu nianze nilitenga nafasi tatu za bure kwa watoto wa kijiji kinachotuzunguka. Sikutaka kuchagua mwenyewe ili nisionekane napendelea, nikapeleka barua serikali ya kijiji waniletee majina ya watoto wasiojiweza. Wakaleta majina matatu. Wa kwanza mpwa wa mwenyekiti. Wa pili mtoto wa mwenye mashine ya kusaga. Wa tatu ndiye pekee aliyekuwa na shida ya kweli, naye aliletwa na bibi yake baada ya kusikia msikitini.

Mwaka uliofuata nikaacha. Huo ndio ukweli wangu. Nikaogopa hata kueleza kwa nini, maana ningemtaja mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye anayesaini barua zangu. Na mwezi uleule waya wa pampu ya kisima ukakatwa usiku. Kisima hicho bomba lake moja nililitoa nje ya uzio, kijiji kinachota bure kila siku saa moja hadi saa mbili asubuhi. Siku tatu tulikosa maji, sisi na wao. Walikuja na ndoo zao wakazikuta kavu, wakaniangalia mimi.

#20 Mjumbe Mtaa wa Pili

Mwenye Shule, pole kwa ya pampu, aliyefanya vile ni mhalifu. Lakini si viongozi wote ni wa mpwa. Kwa nini usibandike majina kwenye ubao wa kijiji siku saba kabla ya kuyapokea? Watu wangemsema huyo wa mashine ya kusaga ndani ya saa moja.

#21 Mwenye Shule Ndogo

Sikulifikiria. Nasema kweli, sikulifikiria.

#22 Dereva wa Coaster

Nawaheshimu wote ila mimi siwaelewi. Elimu bila ada imeanza Januari 2016 kwa Waraka Namba 5 wa 2015, msingi hadi kidato cha nne, na kidato cha tano na sita wakaongezwa 2022. Kwa nini tunalilia geti la mtu? Naendesha basi la shule kama hizo mwaka wa saba sasa. Wanangu wote watatu wako shule ya kata na wa kwanza kapata Division One. Nguvu hii ya kulilia ukuta tuipeleke kwenye shule yetu, madarasa yale yana watoto 90.

#23 MamaTatu

Dereva hongera kwa mwanao, ila umejijibu mwenyewe mwishoni. Watoto 90. Ruzuku ya uendeshaji iliyowekwa ilikuwa 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 25,000 wa sekondari. Mwanangu nilimrudisha huko na namshukuru Mungu anasoma. Bado mama wa vitumbua ana haki ya kutaka zaidi kwa binti mwenye A.

#24 Binti Korogwe

Habarini. Naomba niseme kama mtu aliyekuwa upande wa ndani.

Nilisoma kidato cha kwanza hadi cha nne kwa ufadhili, shule siitaji. Namshukuru aliyenilipia na sitaacha kushukuru. Lakini kuna mambo hayasemwi. Kila Desemba tuliandika barua kwa wafadhili. Mwalimu aliandika mfano ubaoni: jina langu ni fulani, naendelea vizuri, mama yangu anauza ndizi. Mama yangu hakuwahi kuuza ndizi, alikuwa analima. Nikaandika ndizi, kwa kuwa ndizi ndiyo ilikuwa ubaoni na nilidhani ndicho mfadhili anachotaka.

Siku za kurudishwa nyumbani kufuata ada, majina ya wadaiwa yalisomwa paredi. Yetu hayakusomwa hata siku moja. Hivyo ndivyo wenzetu walivyojua sisi ni nani.

Na la mwisho, hili liwafikie wazazi. Nilipoomba mkopo wa chuo kikuu mwaka wa kwanza nilikosa. Kwenye fomu nilionekana nimesoma shule ya ada kubwa, basi kwetu tuna uwezo. Inatakiwa barua ya kuthibitisha kwamba ulifadhiliwa. Shule niliyosoma walinizungusha miezi, mara mhasibu kasafiri, mara faili halionekani. Mwaka wa kwanza nilikula mlo mmoja, nikasoma kwa simu ya mwenzangu. Nilipata mkopo mwaka wa pili baada ya kukata rufaa. Mtoto akipewa ufadhili, mzazi chukua barua siku hiyohiyo, itunze pamoja na cheti cha kuzaliwa.

#25 MamaTatu

Binti Korogwe umenitoa machozi. Mwanangu alikuwa anakataa kuvaa sweta la shule Jumapili akija nyumbani, sikujua kwa nini. Wewe ungekuwa mkuu wa shule ungefanyaje kuhusu hilo la paredi?

#26 Binti Korogwe

Ningefuta usomaji wa majina kwa wote. Deni ni la mzazi, mtoto halisimamii. Ningempigia mzazi simu.

#27 Mhasibu Mstaafu

Binti, barua kama yako nilizichelewesha mimi pia, si kwa ubaya, kabati lilikuwa moja na maombi mengi. Naomba radhi kwa niaba ya waliokuchelewesha.

Kwa Mwl wa Zamu, niongeze moja. Tangu Baraza la Mitihani, NECTA, liache kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, sehemu nilikomalizia kazi nafasi za vichwa zilipungua. Zamani kuingia kumi bora ilikuwa tangazo la bure nchi nzima, mwenye shule aliona faida ya kulea wale 9. Sasa anauliza wa nini.

#28 Mwl wa Zamu

Kwetu imekuwa kinyume. Orodha ilipofutwa, bodi ilipumua, wakaruhusu kuchukua wenye wastani wa kati. Mwaka huu tuna mtoto wa mlinzi wetu kidato cha pili. Mkuu anayeamua ana uzito kuliko orodha, naona mimi.

#29 Mzawa78

Mhasibu kasema vitanda, mwalimu kasema Agosti, mjumbe kasema njia, mmiliki kasema mwenyekiti. Mimi bado nasema ubaguzi. Mleta uzi, wewe umeshika lipi?

#30 Mkazi wa Kona

Sijashika hata moja kwa mkono wote, mkuu. Ila jana nilifanya alichoniuliza Chalii kwenye bandiko #2. Nilikwenda na mama wa vitumbua, nikakataa kuishia mapokezi. Tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa saba kasoro. Mkuu wa shule akatoka. Kumbe ni mgeni, ana mwaka mmoja na nusu tu. Akamwangalia mama akasema, "Wewe si ndiye wa vitumbua? Nakula vyako kila siku, naletewa." Hawakuwahi kuonana.

Hakuahidi. Alisema nafasi za ada yote kweli zimeisha, ila kuna mtoto mmoja wa nusu hajaripoti, na akifikia wiki mbili bila kuripoti watajaza. Alitaka Jumatatu tupeleke matokeo na barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha hali ya nyumbani. Nusu inayobaki bado hatujui itatoka wapi, na ile karatasi ya MamaTatu nimemwonyesha mama mapema asije akashtuka.

Nilimuuliza pia kuhusu njia. Hakujua kama iliwahi kuwepo.

Swali langu kwa Mjumbe: barua ya mtaa inalipiwa? Hapa kwetu wameniambia elfu tano.

#31 Mjumbe Mtaa wa Pili

Usitoe hela bila risiti. Mwambie mtendaji kwamba ni barua ya mwanafunzi asiyejiweza, akiendelea kudai panda kata. Beba nakala mbili, moja ibaki na mama.

#32 Binti Korogwe

Na akipata, siku hiyohiyo aombe barua ya ufadhili yenye muhuri. Msiondoke bila hiyo.